Hejifandi zimeongezeka, kwa hiyo hisa ni nzuri? Ngoja kwanza

Utasikia: "Hejifandi zinazomiliki kampuni hii zimeongezeka maradufu!" Hejifandi ni mifuko ya uwekezaji inayokusanya fedha za matajiri na taasisi kubwa. Kwa kampuni ndogo, maradufu huweza kuwa kutoka mifuko 3 hadi 6 tu. Na mifuko hiyo mipya pengine imenunua kiasi ambacho kwao ni chenji, kwa programu ya kompyuta inayogusa mamia ya hisa bila mtu kusoma hesabu za kampuni hata moja.

Chanzo chenyewe nacho kina mapengo. Nchini Marekani takwimu hizi hutoka kwenye Fomu 13F, ambayo wasimamizi wa uwekezaji wenye hisa na dhamana kama hizo za kuanzia dola milioni 100 huwasilisha kwa SEC, mdhibiti wa masoko ya hisa. Wana siku 45 baada ya robo mwaka kwisha, hivyo unachosoma katikati ya Mei ni hali ya Machi 31. Mnunuzi huenda ameshauza. Tena fomu haionyeshi hisa walizokopa na kuuza wakitarajia bei ishuke. Huenda wamenunua hisa ya kampuni hii huku wakiuza hivyo ya mshindani wake, basi unaona nusu ya mpango.

Binafsi, idadi ya mifuko naitazama mwisho. Kwanza: nani anashikilia, asilimia ngapi ya kampuni, kwa robo ngapi mfululizo?