Bastola ya Frank Castle: sheria ndogo iliyoibeba gemu nzima

Kazi yangu ni kubuni mapigano ya gemu za video: nani apige lini, pigo lichukue muda gani, adui aanguke vipi. Kwa hiyo nikikutana na gemu ya ngumi yenye shujaa wa katuni, huwa na swali moja: nikimtoa huyu shujaa nikamweka mtu mwingine yeyote, uchezaji utabadilika? Mara nyingi haubadiliki hata kidogo. Ni mapigano yaleyale yaliyovalishwa barakoa mpya. The Punisher ya kampuni ya Capcom, iliyotoka mwaka 1993 kwa mashine za sarafu, zile za kumbi za gemu, ni miongoni mwa chache ambazo zingevunjika ukimwondoa steringi wake.

Kwanza tuangalie mfumo wenyewe. Gemu za ngumi za mtaani zilipata umbo lake kwa kazi za Yoshihisa Kishimoto wa kampuni ya Technos, hasa Double Dragon ya 1987, kisha Capcom wakazikomaza kwa Final Fight mwaka 1989. Unatembea kuelekea kulia, skrini inakwama, genge linakuzingira, unalitandika, njia inafunguka. Ukitazama juujuu utadhani ni kubonyeza kitufe tu mpaka kidole kiume.

Lakini sakafu ya gemu hizi ina kina. Unaweza kupanda kuelekea ukutani au kushuka kuelekea ukingo wa chini wa skrini, na ngumi yako humpata tu aliye kwenye mstari mmoja na wewe. Maana yake ujuzi mkubwa uko miguuni, katika kuchagua mahali pa kusimama. Mchezaji mzuri huwasogeza maadui wote upande mmoja, humkaba wa mbele, kisha humrusha juu ya wenzake ili waanguke pamoja. Asiyejua hubaki katikati, na akimaliza mfululizo wa mapigo kwa aliye mbele yake, wa nyuma keshamfikia. Kwa dharura kama hiyo kuna pigo la vitufe viwili kwa pamoja: linawafagia wote waliokuzunguka, ila linakula sehemu ya uhai wako. Ni biashara ya haki. Unanunua nafasi kwa damu.

Kuna na jambo ambalo mchezaji hulihisi bila kuliona. Ngumi inapotua, aliyepiga na aliyepigwa huganda kwa muda mfupi mno, fremu (picha moja moja za skrini) chache tu kati ya takriban 60 zinazopita kila sekunde. Ukiondoa mgando huo, picha inabaki ileile lakini ngumi inageuka kuwa ya karatasi. Ukiuzidisha, gemu inakuwa nzito na ya kukera. Capcom walikuwa mabingwa wa kupima hapo, na ndani ya The Punisher waliongeza maneno ya kishindo yanayolipuka kwenye skrini kama yalivyo katika kurasa za katuni. Hayo si mapambo. Neno likitokea, unajua pigo limeingia, hata pale ambapo skrini imejaa watu na moshi.

Sasa tuje kwa mwenyewe. Frank Castle, ambaye ndiye The Punisher, alitokea mara ya kwanza mwaka 1974 katika The Amazing Spider-Man, toleo la 129, kazi ya Gerry Conway, John Romita Sr. na Ross Andru. Ni askari wa zamani wa majini wa Marekani ambaye familia yake iliuawa na wahalifu katika Central Park, New York. Haruki juu ya majengo, hana makucha, hana nguvu za ajabu. Ana silaha na ana hasira isiyoisha.

Kwa mbunifu, huo ni mtego. Ukimpa bastola muda wote, nani atahangaika kupiga ngumi? Genge zima litalala kabla halijamkaribia, na gemu ya ngumi imekufa. Ukimnyang'anya bastola kabisa, umebaki na jitu fulani lenye fulana ya fuvu.

Jibu la Capcom ndilo lililonifanya niipende kazi hii. Frank hupigana kwa mikono, na kwa chochote anachookota: virungu, visu, panga, hata bunduki zenye risasi za kuhesabu. Lakini wakiingia maadui wenye bunduki, anachomoa bastola mwenyewe, bila kuamriwa. Kitufe kilekile cha kupiga sasa kinafyatua risasi. Wakiisha, bastola inarudi mahali pake na ngumi zinaendelea.

Tazama sheria hiyo inafanya nini. Inalinda mapigano ya karibu, kwa sababu bastola haiko mkononi mwako kila unapoitaka. Inabadilisha mwendo wa gemu pale ambapo gemu za aina hii huanza kuchosha. Zaidi ya yote, inaeleza tabia ya mtu bila mazungumzo: kila mmoja analipwa kwa kipimo alichokuja nacho. Hakuna aliyekusomea maelezo, umeyatambua kwa kidole.

Linganisha na X-Men ya Konami ya 1992. Ilikuwa fahari ya kutazama, hasa ile mashine kubwa ya wachezaji sita yenye skrini mbili zilizounganishwa. Lakini mashujaa wake, Wolverine, Storm na Colossus, wanapigana kwa namna inayokaribiana sana, na nguvu ya pekee ya kila mmoja mara nyingi inamgharimu uhai. Katika katuni, Wolverine ndiye ambaye majeraha yake hujifunga yenyewe. Hapa akitumia kipaji chake, ndipo anapodhoofika! Ni ile sheria ya vitufe viwili iliyochukuliwa bila kuulizwa kama inamfaa.

Waliolielewa somo vizuri baadaye ni studio ya Rocksteady, kwa Batman: Arkham Asylum ya 2009. Batman haui, kwa hiyo maadui wake huzimia, na hata kifaa chake cha kuchunguza huwaonyesha kuwa wamepoteza fahamu. Mikono mitupu dhidi ya kundi, yeye ni dhoruba: anaruka kutoka kwa mmoja hadi mwingine, anazuia pigo kwa kitufe kimoja ukiwahi ile alama juu ya kichwa cha adui. Ila wakiwa na bunduki, lazima apande juu ya sanamu za mawe na kuwavizia mmojammoja. Bunduki zilezile zinazomfanya Frank achomoe yake zinamfanya Batman ajifiche.

Toleo la The Punisher la Sega Mega Drive, mashine ya kuchezea nyumbani, lilipoteza sehemu ya haya yote. Ukatili ulipunguzwa, na hilo ndilo hulalamikiwa zaidi, lakini kwangu hasara kubwa ni kupungua kwa maadui na vitu vya kuvunja. Umati ukipungua, kuchagua mahali pa kusimama hakuna maana tena, na bastola inapotoka haikukomboi kutoka popote.

Hata toleo la mashine za sarafu lina doa. Mchezaji wa pili ni Nick Fury, jasusi mkuu wa S.H.I.E.L.D. (shirika la kijasusi la katuni hizo), mtu wa mipango na hila, naye anapigana karibu sawasawa na Frank, bastola ikitoka kwa sheria ileile. Kingpin, bosi wa mwisho, angestahili kukutana na watu wawili tofauti. Ningekuwa mezani wakati ule, ningemwachia Frank sheria yake na kumpa Fury sheria nyingine: yeye awe wa kufyatua kwanza.