Kwa nini sarafu hutoka nyeusi pichani hata ukiimulika kwa taa kali?

Chukua shilingi ya Afrika Mashariki ya 1924, ile yenye simba mbele ya milima, uipige picha kwa flashi ya simu. Utapata doa jeupe mahali pamoja na giza kwingineko. Wengi hudhani mwanga hautoshi, wakaongeza taa. Taa ya pili huleta doa la pili.

Karatasi hutawanya mwanga kila upande. Madini laini huurudisha kwa pembe ileile ulioingilia, kwa hiyo kamera hunasa kile ambacho sarafu inakitazama. Fikiria kioo cha pembeni cha bodaboda: ukikigeuza kidogo tu, gari la nyuma linatoweka na unaona mawingu. Yule simba ni vioo vingi vya namna hiyo. Shingo, mgongo na mkunjo wa mguu, kila mteremko una upande wake. Unaotazama taa hung'aa. Unaotazama ukuta wenye kivuli huwa mweusi, hata chumba kiwe na balbu ngapi.

Kisambaza mwanga, hata kikiwa shuka nyeupe iliyotandazwa mbele ya taa, hukikuza chanzo cha mwanga, ndiyo maana miteremko mingi zaidi hupata kitu cheupe cha kutazama. Lakini lazima kiwe karibu. Ukikisogeza mbali, kwa sarafu kinakuwa kidogo tena. Jua lenyewe, kwa ukubwa wake wote, huonekana angani kwa upana wa nusu digrii hivi, nalo huacha vivuli vikali. Mawingu mazito ya Nairobi mwezi Julai hugeuza anga nzima kuwa taa moja pana, na huo ni mwanga mzuri ajabu wa kupigia sarafu dirishani.

Hata hivyo, mwanga huo laini, uliosambazwa, una gharama. Sarafu inapogongwa kiwandani, madini husukumwa kuelekea ukingoni na kuacha mistari myembamba mno. Chini ya taa moja ndogo, ukiinamisha sarafu huku na huku, mng'ao huzunguka juu yake. Mwanga ukisambazwa mno, mng'ao huo hufifia, na pamoja nao hufichika mikwaruzo ya sarafu iliyosuguliwa. Ukinunua sarafu kwa kuona picha tu, picha yenye mwanga laini peke yake haithibitishi kwamba muuzaji anaficha jambo, ila kabla ya kutuma pesa mwombe video fupi: taa moja, bila shuka, sarafu ikiinamishwa polepole.