Je, Wajua Kwa Nini Gari Lililonyanyuliwa Hugota Hata Likiwa na Shokapu Mpya?

Katika gereji za Ngamiani, Tanga, ambako Land Cruiser, Hilux na Land Rover za mashambani huletwa kutengenezwa, kuna malalamiko yasiyokwisha. Mtu amenyanyua gari lake inchi mbili, yaani takriban sentimita 5, kwa kuweka springi ndefu zaidi. Kisha amenunua shokapu ndefu ambazo boksi lake linasema wazi kuwa ni za gari lililonyanyuliwa inchi mbili. Safari ya kwanza ya kutoka Muheza kupanda Amani, gari linapiga kishindo cha chuma kwa chuma kila linapoingia shimoni, jambo ambalo halikuwapo wakati shokapu zilikuwa zile za zamani. Fundi hulaumiwa, muuza spea hulaumiwa, na mara nyingine shokapu huitwa feki. Mara nyingi, hata hivyo, tatizo liko kwenye hesabu: shokapu ina urefu wa aina mbili, wa ikiwa imevutwa na wa ikiwa imebonyezwa, na mnunuzi aliuliza mmoja tu.

Inafaa kwanza kuondoa dhana kwamba shokapu ndiyo inayobeba gari. Uzito hubebwa na springi, ziwe za koili au zile za vyuma bapa vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka. Kazi ya shokapu ni kutuliza springi, kwa sababu springi ikishabonyea hurudi kwa nguvu karibu ileile iliyoibonyeza, na bila kizuizi gari lingeendelea kupanda na kushuka muda mrefu baada ya shimo kupitwa. Ndani ya shokapu, pistoni husukuma mafuta yapite katika matundu madogo na valvu. Ugumu wa kupita huko ndio unaozuia mwendo, na nguvu iliyozuiwa hugeuka joto. Kwa hiyo anayetarajia gari lake lisimame juu zaidi kwa sababu amefunga shokapu kubwa atavunjika moyo. Zile zenye gesi yenye shinikizo kubwa husukuma kidogo, lakini si kiasi cha kubadili urefu wa gari kwa namna ya maana.

Si kila gari refu linahitaji shokapu nyingine. Kama bodi imeinuliwa kwa kuwekewa vipande kati yake na chesisi, yaani fremu ya chuma iliyo chini ya bodi, umbali wa kutoka chesisi hadi ekseli, yaani mhimili wa matairi, haujabadilika hata kidogo, na shokapu za awali zinatosha. Vivyo hivyo kwa gari lililoongezwa urefu kwa matairi makubwa, ingawa tairi zito humpa shokapu kazi zaidi. Mabadiliko ya springi peke yake ndiyo yanayosogeza ekseli mbali na chesisi, na hapo ndipo hesabu inapoanza.

Tuchukue mfano wa kubuni wenye tarakimu rahisi. Gari likiwa limesimama, umbali kati ya kishikio cha juu na cha chini cha shokapu ni sentimita 48. Ekseli ikipanda, hukutana na raba ya kugotea, yaani kipande cha raba kinachoizuia isigonge chesisi, umbali ukiwa sentimita 38, na raba ikibanwa hadi mwisho umbali huwa 37. Shokapu ya kiwandani ina urefu wa sentimita 36 ikiwa imebonyezwa kabisa na 58 ikiwa imevutwa kabisa. Maana yake ni kwamba tairi linaweza kupanda sentimita 10 kabla ya kugusa raba na kushuka sentimita 10 kufuata shimo. Na hata likipigwa vibaya kiasi gani, raba itagota kabla ya shokapu, ikibaki sentimita moja ya usalama.

Sasa gari linanyanyuliwa sentimita 5. Umbali wa kusimama unakuwa 53, lakini shokapu ya zamani bado inaishia 58. Tairi limebakiwa na sentimita 5 tu za kushuka. Kwenye barabara ya lami kwenda Segera huenda dereva asihisi lolote, lakini kwenye korongo ekseli nzima huning'inia kwenye shokapu, pistoni ikigonga mwisho wa silinda kwa ndani na bushi, yaani raba za kwenye matundu ya kufungia, zikichanika. Hapo mwenye gari anasema, kwa haki kabisa, kwamba anahitaji shokapu inayofika 63.

Tatizo ni kwamba shokapu haiwezi kurefuka upande mmoja. Ndani yake kuna sehemu isiyosogea: unene wa pistoni, sili, na macho ya kufungia ya pande zote mbili. Katika mfano wetu sehemu hiyo ni sentimita 14, na mwendo wa fimbo inayosukuma pistoni ni 22: 14 na 22 ni 36 ikibonyezwa, na 22 nyingine zikiongezwa ni 58 ikivutwa. Ili ivutike hadi 63, mwendo lazima uwe 24.5, na fimbo yenye mwendo huo inahitaji silinda yenye nafasi hiyohiyo ya kuingilia, hivyo shokapu mpya ikibonyezwa kabisa ina sentimita 38.5. Kwa maneno mengine, shokapu ya muundo uleule inayoongezeka sentimita 5 ikivutwa, huongezeka sentimita 2.5 ikibonyezwa. Raba ya kugotea ingali inasubiri kwenye 38. Shokapu imefika mwisho kabla ya raba kuguswa, na uzito wote wa gari linaloshuka unapokelewa na fimbo nyembamba na valvu zilizoundwa kwa kazi nyingine kabisa. Hicho ndicho kishindo cha njia ya Amani. Fimbo hupinda, kishikio cha kwenye chesisi hupasuka, sili huanza kutoa mafuta, na watu wakaamini kuwa shokapu ilikuwa mbovu tangu dukani.

Dawa yake ni ya bei ndogo, na inashangaza jinsi isivyofanywa: kuishusha raba ya kugotea kwa sentimita 2.5, kwa kuweka kipande imara cha chuma juu yake au kufunga raba ndefu zaidi. Itaguswa kwenye 40.5, itabanwa hadi 39.5, na ile sentimita moja ya usalama itakuwa imerudi. Tairi bado litapanda sentimita 12.5, zaidi ya ilivyokuwa kiwandani, na litashuka 10. Kwa maoni yangu, muuzaji anayeuza springi ndefu na shokapu ndefu bila kuitaja raba hajamhudumia mteja wake.

Kwa hiyo, kabla ya kuagiza Kariakoo au kwingineko, gari lipimwe lenyewe, kwa sababu maandishi ya boksi hayajui springi za gari hilo zimechoka kiasi gani wala kama liliwahi kubadilishwa ekseli. Chesisi huwekwa juu ya stendi imara, kamwe si juu ya jeki peke yake, na shokapu hufunguliwa. Ekseli hushushwa taratibu hadi kitu fulani kianze kukaza, na kitu hicho ndicho cha kuangaliwa kwa makini: huenda ni mpira wa breki, huenda ni springi ya koili inayoanza kulegea katika kiti chake. Shokapu inapaswa kufika mwisho kabla ya mpira wa breki kuvutika au koili kuchomoka. Ikiwa ndefu kupita hapo ni hatari. Kisha ekseli huinuliwa hadi raba ibanwe. Springi ngumu zitalinyanyua gari kutoka kwenye stendi badala ya kubonyea, hivyo koili hutolewa kwanza, ilhali kwenye springi za bapa mafundi hupunguza vyuma kwa muda wa kupima. Vilevile upande mmoja upandishwe huku mwingine umeshushwa, maana ekseli inapoinama upande hivyo tairi hufika mahali ambapo lisingefika pande zote zikipanda pamoja, na huko ndiko raba moja inakoweza kukwepwa.

Kipimo kichukuliwe kufuata mlalo wa shokapu, kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine, wala si wima. Shokapu nyingi za nyuma zimeinamishwa. Iliyoinama nyuzi 45 husogea takriban sentimita 7 tu wakati ekseli imesogea 10, na nguvu yake ya kutuliza kwenye ekseli hushuka hadi karibu nusu ya ile ambayo ingekuwa nayo ikiwa wima.

Kwa Prado, na kwa Hilux za karibuni, mbele kuna hesabu nyingine, kwa kuwa kila tairi lina mikono yake na koili imeizunguka shokapu yenyewe. Shokapu imefungwa katikati ya mkono, hivyo kipande cha sentimita 2.5 juu yake huweza kunyanyua gari kiasi cha sentimita 5. Huko kinachoweka mpaka si urefu wa shokapu bali pembe za boljointi, yaani viungo vya mikono hiyo, na za sivijointi, yaani viungo vya shafti inayozungusha tairi. Zaidi ya sentimita 5 hivi, vitu hivyo huanza kuisha haraka.

Urefu ukishapatikana, ndipo ugumu uzungumzwe. Shokapu huzuia kwa viwango viwili tofauti, springi inapobonyea na inaporudi, na springi ngumu zaidi inahitaji zaidi kizuizi cha kurudi. Gari la watalii wa Saadani lenye watu saba, keria na tangi la ziada linahitaji shokapu ambayo katika gari tupu la familia ingefanya tairi lirukeruke juu ya changarawe bila kushika ardhi. Watu wengi hununua ngumu kuliko wanavyohitaji, wakidhani ugumu ndio uimara.

Kinachoua shokapu kwenye barabara iliyojikunja kama bati ni joto. Mafuta yakichemka na kuchanganyika na hewa huwa povu, na povu halizuii kitu. Shokapu za silinda mbili zenye mafuta matupu ndizo za bei nafuu na ndizo zinazopata povu mapema. Zikiongezwa naitrojeni ya shinikizo dogo huchelewa. Zile za silinda moja, ambazo Bilstein ya Ujerumani ilizifikisha kwenye magari ya kawaida miaka ya 1950, hutenganisha gesi na mafuta kwa pistoni ya pili, na kwa kuwa silinda yake inaguswa na hewa ya nje moja kwa moja, hupoa vizuri. Udhaifu wake ni kwamba jiwe likibonyeza ukuta huo mmoja, pistoni hukwama. Kwa njia za mashamba ya katani, zenye mwendo wa polepole na mawe mengi, silinda mbili yenye gesi na kipenyo kikubwa ni chaguo ambalo singelionea aibu.

Katika kufunga, shokapu za ekseli moja hubadilishwa zote mbili kwa pamoja. Ya silinda mbili husimamishwa wima na kubonyezwa mara kadhaa kabla ya kufungwa, ili hewa iliyoingia ilipolazwa dukani itoke. Nati za macho yenye bushi za raba hukazwa mwisho gari likiwa limesimama kwa matairi yake, la sivyo raba hubaki imepindwa na kuchanika mapema. Na kwa upepo wa chumvi wa Tanga, boliti zipakwe grisi kwenye shingo zake, kwani shokapu nyingi za pwani hii hutolewa kwa gesi ya kukatia, na mara nyingi kishikio cha chesisi hukatwa pamoja nazo.