Kukaza shokapu ya nyuma: maneno ya kijiweni na ukweli wake

Nenda kijiwe chochote cha bodaboda, iwe Kimara Mwisho au Mbagala Rangi Tatu, ulalamike kwamba pikipiki inagonga chini ukipakia abiria. Jibu linakuja hujamaliza kusema: "Kaza shokapu mpaka mwisho, kaka." Unakaza, na siku hiyo unamshukuru aliyekushauri. Kesho yake unarudi peke yako kwenye vumbi la Goba, kila kokoto unalisikia kiunoni, na unasadiki kuwa springi imekuwa ngumu.

Springi ni ileile. Ile ringi yenye ngazi unayoizungusha ukikaza shokapu (nyingi zina ngazi 5) haibadilishi ugumu wa springi. Ugumu uko kwenye unene wa waya, upana wa springi na idadi ya mizunguko. Springi ya kawaida inayotaka kilo 20 ili ishuke sentimita 1 itataka kilo 20 zilezile kwa kila sentimita, ringi ikiwa ngazi ya 1 au ya 5. Kinachobadilika ni kimo cha pikipiki ikishabeba mzigo.

Sasa mbona inarusha? Uzito wako peke yako hautoshi kuishusha. Shokapu inakaa karibu na mwisho wake wa juu, kwa hiyo tairi likifika kwenye shimo halina nafasi ya kushuka kulifuata. Linaelea, kisha linapiga ukingo wa pili.

"Kupima ni mambo ya watu wa mashindano." Hapana, unahitaji utepe wa fundi cherehani na wenzako wawili wa kijiweni. Weka pikipiki kwenye stendi kubwa, tairi la nyuma lining'inie, upime kutoka ekseli hadi alama utakayoiweka juu yake, chini ya siti. Tuseme ni milimita 520. Ishushe, ukae kama unavyoendesha, wenzako wakishikilia, upime tena. Kanuni inayotumika ni ishuke kama theluthi ya mwendo wote wa gurudumu, yaani umbali linaoweza kupanda kutoka kuning'inia hadi mwisho wa shokapu. Kwenye mwendo wa milimita 100, utepe usome karibu 490. Kisha apande abiria. Ikishuka mpaka 465, ongeza ngazi na upime upya. Usitegemee irudi 490 kamili, kuikaribia kunatosha.

Najua dereva wa boda hawezi kuzungusha ringi kila abiria anapopanda pale Mwenge. Mimi ningemshauri aache ngazi ya abiria kutwa, avumilie safari za kurudi mtupu. Anayekwenda kazini peke yake, kisha Jumapili akampakia mkewe kwenda Coco Beach, hana kisingizio. Ni kazi ya dakika chache, pikipiki ikiwa kwenye stendi na mchanga umesafishwa kwenye ringi. Asipofanya hivyo, nyuma inazama, usukani unakuwa mwepesi, na taa inawamulika machoni madereva wa daladala wanaokuja mbele. Kuongeza upepo wa tairi la nyuma kwa ajili ya abiria ni sahihi, vipimo viko kwenye kitabu cha pikipiki, ila upepo hauinui kilichozama.

Kukaza upande mmoja tu kwa sababu "ndio uliolegea"? Pande zote mbili zikae ngazi moja, basi.

Shokapu inayovuja ni habari nyingine, na hapa mafundi wengi wanakosea. Springi hubeba uzito. Mafuta yaliyo ndani hupunguza kasi ya kushuka na kurudi. Yakishatoka, hakuna ngazi itakayoyarudisha. Kandamiza siti kwa nguvu uiachie: ikipanda na kutulia, nzima, ikinesanesa mara mbili tatu, kanunue nyingine Kariakoo, na ununue zote mbili.

Halafu kuna wanaoamini ngazi ya 5 imewekwa kwa ajili ya mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja. Hata trafiki asipokuona, rimu, spoku na breki hazijui kama umekaza shokapu. Zimebaki na uwezo uleule. Na cheni pia: nyuma inaposhuka, kwa kawaida hubanika zaidi, kwa hiyo uikague ilivyolegea abiria akiwa amekaa, si pikipiki ikiwa imeegeshwa tupu kivulini.