Mafuta ya mbegu kwenye ngozi: mambo ya kujua kabla ya kupaka, na kabla ya kuuza

Malalamiko yanayotufikia sisi wakaguzi kuhusu mafuta ya ngozi yanayokamuliwa hapa nchini yanafanana: uso umewaka, vipele vimetoka, mafuta yananuka, chupa haina lebo. Karibu kila mlalamikaji huongeza, "lakini niliambiwa ni ya asili." Mafuta ya mbegu yanafaa ngozi, na tungependa yakamuliwe mengi zaidi. Alizeti ya Singida, ubuyu wa Dodoma, mlonge, ufuta na nyonyo vinatosha kuhudumia ngozi zetu. Ila neno "asili" halimwambii mnunuzi mafuta yametoka kwenye mbegu gani, yamekamuliwa lini na yamechanganywa na nini, na madhara mengi hutoka hapo.

Tuanze na mbegu, maana hapa ndipo penye hatari kubwa. Mafuta ya nyonyo na mafuta ya mbono kaburi si kitu kimoja. Baadhi ya watu huita mimea yote miwili "mbono", na mkamuaji akiagiza mbegu kwa simu anaweza kuletewa isiyo yenyewe. Mbegu ya nyonyo inang'aa, ina madoadoa ya kahawia na kijivu, na kwenye ncha ina kinundu kidogo. Ukiiweka kiganjani inafanana na kupe aliyeshiba damu. Mbegu ya mbono kaburi ni nyeusi, haina madoa hayo, na ina urefu wa takriban sentimita 2. Ganda la nyonyo kwa kawaida lina miiba laini, la mbono kaburi halina.

Sumu kali ya nyonyo huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo hubaki kwenye mashudu na haiingii kwenye mafuta. Sumu ya mbono kaburi huyeyuka kwenye mafuta yenyewe. Inawasha ngozi, na kwa wanyama wa maabara imeonekana kuchochea uvimbe wa saratani. Kitambaa hakiichuji. Kuchemsha jikoni hakuiondoi. Mbegu hiyo iacheni kwenye ua wa shamba na kwenye sabuni ya viwanda vyenye utaalamu wake. Njia mojawapo ya kutambua nyonyo halisi ni spiriti kali ya asilimia 95: nyonyo huyeyuka humo, mafuta mengine mengi hujitenga na kuelea au kuzama. Na mashudu ya nyonyo yasitupwe watoto au mifugo wanapofika.

Baada ya mbegu sahihi, angalieni ngozi ya mpakaji. Alizeti ya kawaida ina asidi ya linoleiki kwa wingi, ambayo ngozi huitumia kujenga utando wake wa kuzuia maji yasipotee. Ndiyo maana inafaa ngozi kavu na ngozi ya mtoto mchanga. Mlonge una asidi ya oleiki, takriban asilimia 70. Mafuta yake hukaa muda mrefu bila kuharibika, lakini oleiki nyingi hulegeza utando huo kwa watoto na kwa wenye pumu ya ngozi. Ubuyu uko katikati. Mwenye chunusi au mabaka ya utangotango asitarajie mafuta yatamponya: fangasi wa utangotango hula mafuta, na kumpaka zaidi ni kumlisha.

Kiasi nacho kina maana. Kwa uso, matone 3 au 4 kwenye ngozi yenye unyevu, mara tu baada ya kuoga, yanatosha. Mafuta hayaongezi maji mwilini, yanafungia yaliyopo. Ukipaka kwenye ngozi iliyokwisha kukauka kabisa, utang'aa huku ukiendelea kupauka chini yake.

Sasa uharibifu. Kuna dhana kwamba mafuta ya asili hayaozi. Yanaoza. Hewa, mwanga na joto huyachachisha, na mafuta yaliyochacha ndiyo huwasha ngozi hata kama mbegu ilikuwa safi. Viwango vya kimataifa vya mafuta ya kula ya mbegu yaliyokamuliwa bila kusafishwa kwa kemikali vinaruhusu peroksaidi, yaani kipimo cha kuchacha, isiyozidi milliekwivalenti 15 za oksijeni kwa kilo. Nasi huo ndio mstari tunaomshauri mkamuaji asiuvuke. Nyumbani tumia pua: harufu ya rangi ya ukutani, ya karanga za mwaka jana au ya maboksi yaliyolowa ina maana chupa hiyo imekwisha kazi. Alizeti isiyosafishwa, ikishafunguliwa, imalizwe ndani ya miezi 3 hadi 6. Chupa iwe ya kioo cha kahawia, ijae hadi karibu na shingo, ikae kabatini. Chupa angavu juu ya meza ya mchuuzi, juani kuanzia asubuhi, ni hasara kwa muuzaji na mnunuzi.

Mkamuaji akaushe mbegu vizuri, atupe zenye ukungu zote (usizifiche katikati ya gunia, kuvu lina sumu), aache mafuta yatulie siku kadhaa, kisha achuje kwa kitambaa safi kikavu. Halafu apime maji: mimina kijiko kimoja kwenye sufuria kavu, moto mdogo. Yakichemka kimya, hayana maji. Yakipasukapasuka na kurukaruka, maji yamo, na mafuta hayo yatachacha upesi. Rudisha kwenye dumu yaendelee kutulia, toa ya juu kwa uangalifu, acha tope chini.

Maji yanatupeleka kwenye kosa tunalolikuta kila ukaguzi: kukamulia utomvu mbichi wa shubiri, maji ya mchele au maziwa ndani ya mafuta, kisha kuandika "haina kemikali". Mafuta makavu hayahitaji kihifadhi. Bidhaa yenye maji inahitaji, bila mjadala, kwa sababu bakteria huota kwenye maji hayo. Vitamini E haichukui nafasi ya kihifadhi. Kazi yake, kwa kiasi cha nusu mililita kwenye mililita 100, ni kuchelewesha kuchacha tu, bakteria haiwagusi.

Habasoda na mwarobaini vina nguvu zaidi, visipakwe vikiwa vitupu. Changanya mililita 10 za habasoda na 90 za alizeti. Mwarobaini 5 kwa 95. Mwarobaini usimpe mtoto kunywa hata tone: mafuta hayo yameleta degedege na vifo kwa watoto wachanga. Kwa mafuta yoyote mapya, paka upande wa ndani wa mkono mara mbili kwa siku kwa siku 7 kabla ya kugusa uso.

Hakuna mafuta ya mbegu yanayotosha kukinga jua. Hili tunalisema kwa mkazo kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao saratani ya ngozi huwapata mapema. Watumie losheni ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi, pamoja na kofia na mikono mirefu. Kituo cha mafunzo ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikitengeneza losheni kwa ajili yao.

Kwa anayeuza, tangu Julai 2019 vipodozi vinasimamiwa na TBS (Shirika la Viwango Tanzania), havisimamiwi tena na mamlaka ya dawa. Tunakutana na watu wenye vyeti vya zamani wakidhani vinatosha. Utaratibu ni huu: jengo la uzalishaji linasajiliwa na kukaguliwa kwanza, kisha bidhaa inaombewa usajili, sampuli inachukuliwa na kupimwa maabara. Mjasiriamali mdogo apitie SIDO, shirika la viwanda vidogo, apate barua ya utambulisho. Lebo inafuata kiwango cha Afrika Mashariki EAS 346: jina la bidhaa, viambato vyote kuanzia kilicho kingi zaidi, ujazo, jina na anwani ya mzalishaji, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda, matumizi na tahadhari. Namba ya simu peke yake si anwani. Kuweka zebaki au haidrokwinoni "kidogo ili ing'arishe" ni kosa la jinai, hakuna kiasi kinachovumiliwa. Mzigo huo huondolewa sokoni na kuteketezwa kwa gharama ya mwenye mali, na sheria inaruhusu faini, kifungo au vyote viwili.

Ukiandika "hutibu ukurutu" au "huondoa kisukari", umeshatoka kwenye vipodozi na kuingia kwenye dawa, na hapo utaulizwa na TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) au Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Andika "hulainisha ngozi" na inatosha.

Ukipata madhara, acha kupaka, osha kwa maji na sabuni laini, nenda kituo cha afya. Chupa usiitupe. Ilete kwetu na mafuta yaliyobaki, kifuniko chake na risiti, kwa maana bila sampuli maabara haina cha kupima.