Dhana potofu: ramani huchorwa mambo yakishajulikana

Ndivyo wengi tulivyofundishwa: mtafiti agundue kwanza, mchoraji aje baadaye. Kazi ya Marie Tharp, mwanajiolojia na mchora ramani wa Marekani, inaonyesha kinyume chake. Mwaka 1952, katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alikuwa na rundo la vipimo vya kina cha Atlantiki vilivyopimwa na meli kwa mwangwi wa sauti. Tarakimu tupu. Akazigeuza kuwa michoro sita ya sakafu ya bahari, akaipanga kutoka kaskazini hadi kusini. Vilele vya milima ya katikati ya bahari havikulingana sana. Kilicholingana ni mpasuko wenye umbo la V juu ya safu hiyo, mchoro baada ya mchoro. Tharp akasema ni bonde la ufa. Mwenzake Bruce Heezen akaliita soga la wasichana, maana kulikubali kulikaribia kukubali kwamba mabara husogea.

Meza ya jirani, Howard Foster alikuwa akitia alama vitovu vya matetemeko kwenye ramani ya skeli ileile. Ramani mbili zikawekwa pamoja: matetemeko yalifuata bonde. Walipofuata mstari huo kuizunguka Afrika hadi Ghuba ya Aden, ukaja kuungana na Bonde la Ufa letu, hilo tunaloshukia Mai Mahiu, Kenya.

Dhana: mgunduzi lazima afike mahali penyewe.
Wakati huo wanawake hawakuruhusiwa kwenye meli za utafiti. Tharp aliliona bonde akiwa mezani.

Dhana: milima na vivuli kwenye ramani ni pambo.
Jeshi la majini la Marekani liliweka siri ramani za kontua za bahari kuu, yaani zenye mistari inayounganisha sehemu za kina sawa. Kwa hiyo Tharp na Heezen waliichora sakafu kana kwamba maji yamekauka. Ramani ya Atlantiki Kaskazini ikatoka 1957. Kati ya njia moja ya meli na nyingine hapakuwa na kipimo chochote, naye Tharp ilimbidi aamue kila mteremko unaelekea wapi na kwa nini. Kwangu mimi, hizo ni hoja zilizoandikwa kwa wino.

Dhana: John Snow, daktari wa London, aligundua chanzo cha kipindupindu kwa kutazama ramani.
Hapana. Alishuku maji tangu 1849, na mpini wa pampu ya maji aliyoishuku, ya Broad Street, London, uling'olewa Septemba 1854 kabla ramani yake ya vifo haijaonyeshwa. Ramani ilimsaidia kuipima hoja, hasa palipokosa alama za vifo. Kiwanda cha bia kilikuwa jirani kabisa na pampu, kina wafanyakazi zaidi ya 70, na hakuna aliyeugua vikali. Walikunywa bia, na kiwanda kilikuwa na kisima chake.