Baiti moja ni biti ngapi hasa?

Juzi nimepigiwa simu na karani wa ushirika mmoja wa wafugaji huku kwetu Tanga, mi ndo niliwaandikia programu ya kutuma meseji za bei ya maziwa na siku za chanjo. Akaniambia, "Kaka, meseji nimeihesabu ina herufi 148, haijafika hata 160, mbona tunakatwa meseji tatu tatu kwa kila mfugaji?" Nikamwambia nitumie nione. Nilivyoiona tu nikajua, kuna neno ng’ombe humo, na ile alama ya juu ni ile iliyopinda, kainakili kutoka Word.

Sasa ili nieleze kilichotokea lazima kwanza tuongee baiti. Biti ni ile tarakimu moja ya kompyuta, 0 au 1, na ukiuliza vijana wa kompyuta watakwambia baiti ni biti 8, na wengi wataongeza kwamba ni sawa na herufi moja. La kwanza ni kweli siku hizi ila haikuwa hivyo tangu mwanzo, la pili ndo linaloumiza watu.

Mi huwa naelezea kwa fungu. Nenda soko la Mgandini ukanunue machungwa ya Muheza, muuzaji anakwambia fungu buku, msimu ukikolea fungu linajaa sahani, msimu ukikata unapewa machache na bado linaitwa fungu. Baiti ilianza hivyohivyo. Mwaka 1956 Werner Buchholz wa IBM, wakati wanabuni kompyuta ya Stretch, alitafuta jina la biti kadhaa zinazochukuliwa kwa pamoja, na fungu lile lilikuwa linaweza kuwa na biti 1 mpaka 8 kutegemea kazi. Jina alilitoa kwenye neno la Kiingereza la kumega kwa meno, bite, akabadilisha tahajia iwe byte kwa makusudi ili mtu akikosea herufi isigeuke kuwa biti. Baadaye ikaja kompyuta ya PDP-10, "neno" lake, yaani biti inazoshika kwa mkupuo mmoja, lilikuwa na biti 36 na programa anachagua mwenyewe baiti yake iwe na ukubwa gani, yaani 6, 7, 9, vyovyote anavyotaka!

Nane ilikuja kushika baada ya IBM kutangaza kompyuta zake za System/360 mwezi Aprili 1964, mashine ziliuzwa sana na wengine wakafuata. Lakini watu wa mitandao hawakuliamini hilo neno, kwenye nyaraka zao wakaandika okteti, maana okteti ni nane tu haina mjadala. Na lugha ya kuandikia programu ya C mpaka leo inasema baiti isipungue biti 8, haijasema isizidi, na zipo chipu za kuchakata sauti ambazo baiti yake kwenye C ina biti 16. Ukihamisha programu kwenda huko bila kujua hilo utateseka wiki nzima.

Basi turudi kwenye ng’ombe. Meseji moja ya simu inabeba baiti 140, hizi za nane nane, jumla biti 1120. Ile orodha ya kawaida ya herufi za simu inatumia biti 7 kwa kila herufi, gawanya 1120 kwa 7 unapata 160, ndo ile 160 tunayoijua wote. Alama iliyopinda haimo kwenye orodha hiyo, kwahiyo simu inahamisha meseji NZIMA kwenda biti 16 kwa kila herufi, sio ile alama peke yake, ndo unabaki na 70. Ikizidi hapo inakatwa vipande vya 67 kwasababu nafasi kidogo inaliwa na taarifa za kuunganisha vipande, sasa herufi 148 hazienei kwenye viwili. Na kwenye seva yangu ambako tunahifadhi kwa UTF-8, mtindo wa kuhifadhi maandishi ambao herufi moja inaweza kuchukua baiti zaidi ya moja, neno hilohilo lina herufi 7 ila baiti 9, alama ile peke yake imekula 3.

Nikaweka ng'ombe yenye alama iliyonyooka, meseji ikarudi kuwa moja. Sasa hivi programu inainyoosha yenyewe kabla ya kutuma, na pembeni ya kisanduku cha kuandikia karani anaona namba mbili, herufi ngapi na atakatwa meseji ngapi.